Bakuli la fedha la Kiingereza lenye sikio moja: la uji au la kukingia damu?

BintiWaNgamiani (#1)
Habari za jioni wakuu. Naomba wenye kujua vyombo vya kale wanisaidie.

Kwa miaka sita nimemhudumia bibi mmoja wa Kiingereza hapa Reading, Uingereza. Nilimwogesha, nikampikia, nikamsomea gazeti. Mwezi uliopita alifariki akiwa na miaka 94, na katika wasia wake ameniachia bakuli la fedha alilokuwa akiwekea vifungo vya nguo. Ni dogo. Upana sentimita 12 na nusu, kina sentimita 4, uzito gramu 230. Lina sikio moja tu, bapa, limetobolewa matundu ya nakshi kama kofia ya vito. Juu ya sikio zimechongwa herufi tatu: C iko juu peke yake, T na M ziko chini yake.

Nimelipeleka kwa wauza vitu vya kale wawili. Wa kwanza alisema ni bakuli la kukingia damu, enzi zile matabibu wakimchanja mgonjwa mshipa. Wa pili alicheka, akasema ni la uji. Mmoja wao alitaka kunipa bei ya uzito wa fedha tu, kama anayenunua chuma chakavu. Nikalifunga kwenye kanga yangu nikaondoka.

Siuzi. Nataka kujua bibi yangu alinipa nini.

Kifimbo (#2)
Pole na msiba dada. Usiweke matumaini makubwa. Vyombo vingi vinavyoitwa fedha ya Kiingereza ni vya kuchovya. Nilikuwa na birika la urithi lenye herufi EPNS chini, ukoo mzima ukiamini ni chapa ya mfalme. Kumbe maana yake ni aloi ya nikeli iliyopakwa fedha kwa umeme. Kampuni ya Elkington ya Birmingham ilichukua hataza ya kazi hiyo mwaka 1840, na tangu hapo zimejaa dunia nzima.

SonaraMdogo (#3)
Dada, kabla ya Kifimbo hajakukatisha tamaa, geuza bakuli, chukua lenzi, utuambie chapa unazoziona. Zote, hata zilizolika. Na uangalie sikio kwa nyuma. Mimi ni mtoto wa sonara, Mombasa Old Town, na marehemu baba alikuwa akisema chombo cha fedha husomwa mgongoni.

BintiWaNgamiani (#4)
Shukrani. Chini ya ukingo kuna chapa nne zimepangana. Mwanamke ameketi, kama ameshika kitu. Kichwa cha simba tu, shingo imekatika kwa mchirizi kama nguo iliyochanika. Herufi moja iliyolika kabisa. Halafu kijingao chenye herufi mbili, ya kwanza ni L, ya pili siioni. Nyuma ya sikio kuna kile kichwa cha simba tena na zile herufi mbili.

Kifimbo (#5)
Basi ni bandia. Fedha ya London lazima iwe na kichwa cha chui na simba anayetembea. Kichwa cha chui kimetajwa kwenye sheria ya Mfalme Edward wa Kwanza ya mwaka 1300, na simba anayetembea aliingia mwaka 1544. Lako halina chui wala simba mzima.

Kijana_Sheffield (#6)
Kifimbo, miaka umeitaja sawasawa ila umeruka kipande cha hadithi, na bakuli la dada limo humo humo.

Mwishoni mwa miaka ya 1600 sarafu za Kiingereza zilikuwa fedha ya sehemu 925 kwa 1000, sawa kabisa na fedha ya vyombo. Watu wakawa wanakwangua kingo za sarafu na kuyeyusha, masonara wanapata malighafi bila kuhangaika. Serikali ilipotengeneza sarafu upya mwaka 1696 ikaona ukwanguaji hautakwisha hivi hivi. Kuanzia Machi 1697 ikaamuru vyombo vifuliwe kwa fedha safi zaidi, sehemu 958 na ushei, ili sarafu iliyoyeyushwa isitoshe kiwango. Chapa nazo zikabadilishwa: simba anayetembea na chui wakaondolewa, wakawekwa mwanamke aliyeketi, ndiye Britannia, na kichwa cha simba kilichokatwa shingoni. Lazima hiyo ilidumu hadi 1720.

Kwa hiyo kukosa chui hakumwangushi dada hata kidogo. Tena herufi mbili za fundi katika miaka hiyo zilikuwa mbili za mwanzo za jina la ukoo, si za jina lake na la baba. Ile L ni ya ukoo.

Angalizo moja. Baada ya 1720 fedha ya Britannia, yaani hiyo ya 958, ilibaki kuwa hiari. Bila ile herufi iliyolika, ambayo ndiyo ya mwaka, huwezi kufunga mjadala wa tarehe.

Kifimbo (#7)
Nimekosolewa, nimekubali.

Mzee_Forodhani (#8)
Assalaam alaykum wanangu. Kijana wa Sheffield kanikumbusha jambo. Sisi kwa lugha yetu fedha ni madini na fedha ni pesa, neno moja. Hao Waingereza wa mwaka 1697 walikuwa wanapambana na jambo lile lile, kwamba sahani ya kabatini na sarafu ya mfukoni ni kitu kimoja, tofauti ni sura tu.

Unguja yetu ilikuwa hivyo hivyo. Riale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 hata ikichapwa miaka mia baadaye, iliingia kwa masonara ikatoka mitali na vikuku. Bibi yangu alikuwa na mtali wa mguuni. Ukiuliza bei, anakwambia ni riale ngapi zilizoingia ndani yake.

Na kwa Waingereza, kilichokusanywa kabatini kiliyeyushwa siku ya shida. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 viliramba vyombo vingi sana, vikawa mishahara ya askari. Ndiyo sababu fedha yao ya kabla ya 1660 ni adimu. Bakuli lolote lililofika leo limepita tanuri nyingi bila kutumbukizwa.

Otis_Kisumu (#9)
Wakubwa, ngojeni. L ya kwanza, ya pili haionekani? Paul de Lamerie alisajili chapa yake ya kwanza mwaka 1713, na ilikuwa LA! Huyo ndiye fundi anayetajwa zaidi ya wote. Dada, kaa chini kwanza.

Kijana_Sheffield (#10)
Otis, mwache dada asimame. L zilikuwa nyingi mjini London. Seth Lofthouse alipiga LO, Isaac Liger alipiga LI, na hao ni wawili tu. Chapa ya Lamerie ina taji na nyota juu ya herufi, na ua la yungiyungi chini. Dada, kwenye kijingao unaona taji?

Lamerie mwenyewe anafaa kujulikana. Wazazi wake walikuwa Wahuguenot, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Yeye alizaliwa 's-Hertogenbosch, Uholanzi, mwaka 1688, akaletwa London akiwa mchanga. Mwaka 1703 akawekwa kujifunza kazi kwa Pierre Platel, Mhuguenot mwenzake. Hata baada ya 1720 aliendelea kufua kwa fedha ya Britannia zaidi ya miaka kumi. Akafa 1751. Wakimbizi kama yeye ndio walioleta ile kazi nzito ya kumimina na kuchonga ambayo leo tunaiita ya Kiingereza.

BintiWaNgamiani (#11)
Sioni taji. Juu ya L pamelainika kama sabuni iliyotumika.

DaktariWaZamu (#12)
Natetea damu. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali wa London, aliandika katika shajara yake, tarehe 4 Mei 1662, kwamba tabibu Holliard alimtoa damu wakia 16 hivi, kwa kuwa alikuwa amejaa damu mno. Hii haikuwa ajabu, ilikuwa tiba ya kawaida kwa wenye uwezo, na mwenye uwezo hakutaka damu yake ikingwe kwenye kibuyu. Bakuli la sikio moja linashikika vizuri chini ya kiwiko: mkono mmoja wa msaidizi kwenye sikio, mwingine kwenye mkono wa mgonjwa. Yapo mabakuli ya bati zito ya umbo hilo hilo yenye mistari ya vipimo ndani. Hiyo mistari haikuwekwa kupimia uji.

Mama Zulekha (#13)
Daktari mwanangu, kwetu kupiga chuku kuna maana mbili, na leo nahisi umetumia zote mbili.

Chuku ninayoijua mimi ni pembe inayobandikwa mgongoni. Nani anahitaji bakuli la fedha lenye nakshi kwa kazi hiyo?

Mzee_Forodhani (#14)
Bi Zulekha, umemwonea daktari. Chuku, ambayo Waarabu huiita hijama, ni ya kuvuta damu kwenye ngozi. Anachosema yeye ni fasdi, kuchanja mshipa wa mkono damu ikatiririka yenyewe. Hiyo inahitaji chombo cha kukingia. Tiba mbili tofauti.

Mama Zulekha (#15)
Haya, nimekusikia kaka yangu. Lakini nina hoja nyingine, na hii sitaiachia.

Herufi tatu kwenye sikio, moja juu na mbili chini. Kijana wa Sheffield atanisahihisha, lakini nilipokuwa nikifanya kazi za ndani Uingereza niliambiwa kuwa ile ya juu ni ya ukoo, na zile mbili ni za mume na mke. Yaani hiki ni chombo cha ndoa. Sasa nani anawapa maharusi bakuli la kuchanjiwa mshipa?

Na Waingereza wa zamani walikuwa na uji wa mzazi kama wetu. Uji wa nafaka, unatiwa mayai, mvinyo na viungo, anakunywa mwanamke aliyejifungua na wageni wanaokuja kumtazama. Mvinyo ni wao. Sisi tunatia pilipili manga na tangawizi. Wafaransa nao walikuwa na bakuli la masikio mawili lenye kifuniko, ambalo lilikuwa zawadi ya mzazi. T na M walioana, wakapata mtoto, bakuli likatoka kabatini.

Kijana_Sheffield (#16)
Shangazi, kuhusu herufi uko sahihi kabisa. Ukoo juu, mume kushoto, mke kulia. Dada ana bakuli la Bwana T na Bibi M wa ukoo wa C.

Uji wa mzazi nao ni kweli. Ila vikombe vinavyotajwa zaidi kwa uji huo vina masikio mawili na kina kirefu, tena mara nyingi vina kifuniko. Hapa ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Waingereza walikuwa wamekwisha kuliita lile la masikio mawili bakuli la uji, wakahitaji jina jingine kwa hili la sikio moja, wakaliita la damu. Ng'ambo ya bahari, Boston, masonara kama John Coney, na baadaye Paul Revere, walifua mabakuli ya sikio moja ya namna hii hii, na Wamarekani hawana shaka: la chakula. Chombo kimoja, majina mawili, bahari katikati.

DaktariWaZamu (#17)
Boston kulia uji humo hakuzuii London kukingia damu humo.

SonaraMdogo (#18)
Niingie kwa upande wa ufundi. Hakuna madini yanayopitisha joto kuliko fedha. Ukitia uji wa moto kwenye bakuli la fedha, vidole vinalia. Lile sikio bapa limetobolewa si kwa urembo peke yake, matundu yanapunguza njia ya joto kufika vidoleni. Damu ya mtu haichomi. Anayehitaji sikio lenye matundu ni mwenye kitu cha moto.

Pili, dada, fanya jaribio la baba yangu. Funga dirisha, sogeza bakuli mdomoni, lipulizie pumzi ya joto kama unayefuta miwani. Kwa nukta moja au mbili ukungu utakuonyesha mistari ya lehemu ambayo jicho halioni. Tazama panapoungana sikio na bakuli. Halafu tazama kuzunguka zile chapa nne. Ukiona duara au mraba umezizunguka, chapa zimekatwa kwenye chombo kingine zikapachikwa.

Otis_Kisumu (#19)
Kwa nini mtu apachike chapa kwenye fedha ambayo ni fedha kweli?

SonaraMdogo (#20)
Ushuru, ndugu yangu. Mwaka 1720 waliporudisha fedha ya 925 waliweka ushuru wa peni sita kwa kila wakia. Fundi anapeleka kisahani kidogo Goldsmiths' Hall, jumba la chama cha masonara London, kinapimwa, kinapigwa chapa, analipa peni chache. Akirudi anakata kile kipande cha chapa anakilehemu kwenye bakuli la wakia mia. Hata Lamerie amehusishwa na michezo ya kukwepa ushuru. Mwaka 1758 ushuru ukabadilishwa kuwa leseni. Uliporudi mwaka 1784 wakaongeza chapa ya kichwa cha mfalme kuonyesha umelipwa, ikadumu hadi 1890.

Ngosha_Mtaratibu (#21)
Nachepuka kidogo. Mbona mafundi wote mnaotaja ni wanaume?

Kijana_Sheffield (#22)
Hester Bateman. Mumewe John alikuwa fundi wa minyororo, akafa 1760, akamwachia karakana na zana. Mwaka uliofuata akasajili chapa yake, HB kwa mwandiko wa kulaza. Hakujua kuandika, lakini aliendesha karakana ya Bunhill Row na wanawe hadi 1790. Wajane wengi walisajili chapa hivyo, na kwa desturi kijingao cha mjane kilikuwa na umbo la almasi.

Mama Zulekha (#23)
Nina vijiko viwili vya HB! Nilivinunua mnadani kanisani miaka ya nyuma, vimechongwa ukingoni vitone vidogo vidogo kama ushanga. Nilivipenda tu, sikujua ni kazi ya mjane. Sasa nimevitoa kabatini nimevikalisha mbele yangu.

Mzee_Forodhani (#24)
Ushanga huo ndio alama ya kazi zake nyingi. Hongera bibie.

Mimi napenda mabakuli yao makubwa ya kinywaji wanachokiita punch. Chuo cha Jesus, Oxford, kina moja alilolitoa Sir Watkin Williams-Wynn mwaka 1732, linaingia galoni 10. Kinywaji chenyewe kilitoka huku kwenye bahari yetu. Muulize Mhindi yeyote hapa Darajani tano inaitwaje, atakwambia panch: pombe kali, sukari, ndimu, maji na viungo. Yapo pia yenye ukingo wa mapengo kama meno ya msumeno, ya kuning'inizia bilauri zipoe ndani ya maji. Anthony Wood wa Oxford aliandika mwaka 1683 kwamba yaliitwa Monteigh, kwa jina la Mskoti mmoja mwenye mbwembwe aliyekuwa akivaa joho lenye pindo la mapengo namna hiyo.

Kifimbo (#25)
Mzee, umetufikisha Oxford na pombe. Dada anangoja jibu la uji.

BintiWaNgamiani (#26)
Nawasoma wote, asanteni. Nimefanya jaribio la pumzi. Kwenye chapa nne sioni duara wala mraba. Kwenye shina la sikio kuna mstari mwembamba wa kijivu, umekaa kama mwezi mwandamo, ukungu ukatoweka nao ukatoweka.

Halafu nikajaza maji hadi ukingoni nikayamimina kwenye jagi la kupimia. Mililita 380.

SonaraMdogo (#27)
Huo mwezi ni lehemu ya sikio. Ni halali, masikio hufuliwa peke yake kisha yakaungwa. Na kwa kuwa sikio lina chapa ya fundi yule yule, halikubandikwa baadaye na mjanja.

Kifimbo (#28)
Daktari, wakia 16 ni mililita ngapi?

DaktariWaZamu (#29)
450 hivi.

Kifimbo (#30)
Basi Pepys angemwaga damu kwenye zulia la bibi.

DaktariWaZamu (#31)
Au tabibu alikuwa na mabakuli mawili. Tena si kila mgonjwa alitolewa wakia 16. Wakia nne, nane, zinaingia humo bila shida.

Kijana_Sheffield (#32)
Niongeze la tatu ili mlale vibaya. Katikati ya miaka ya 1600 kulikuwa na visufuria vya fedha vya miguu mitatu vya kupashia, na vifuniko vyake vilikuwa na sikio bapa lenye matundu kama hili. Ukikigeuza kifuniko kinakuwa bakuli. Baadhi ya mabakuli ya sikio moja ya umri huo ni vifuniko vilivyopoteza visufuria vyao. La dada, kama ni la 1697 na kuendelea, limechelewa kidogo kwa hilo, ila umbo linaweza kuwa limerithiwa kutoka huko.

Mama Zulekha (#33)
Kifuniko cha kupashia nini? Uji. Nimemaliza.

Binti yangu, jambo moja kubwa kuliko yote. Usilisugue. Mimi nililiharibu sinia la mwajiri wangu mmoja kwa majivu na ndimu, nilivyofundishwa kusugua masufuria kwetu. Liling'aa kama kioo, lakini ile nembo ya ukoo iliyochongwa katikati ikabaki kivuli. Nililia siku mbili. Juu ya L ya bakuli lako pamelainika kama sabuni kwa sababu hiyo hiyo, mikono ya miaka mia tatu.

SonaraMdogo (#34)
Naunga mkono. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa cha pamba, kausha papo hapo. Weka mbali na mayai, mpira na chumvi. Na ukitaka tarehe, dada, uko karibu na wenyewe: Goldsmiths' Hall, mtaa wa Foster Lane, London. Wanapima fedha mpaka leo, na wana kamati ya vyombo vya kale inayochunguza vyenye shaka. Macho yao yanasoma herufi iliyolika kuliko ya kwetu.

BintiWaNgamiani (#35)
Nimepanga kwenda Foster Lane nikipata likizo.

Leo asubuhi nimepika uji wa ulezi, bila ndimu, nikautia humo. Ukingo ulinichoma mdomo mara moja. Sikio nililishika kwa vidole viwili mpaka nikafika nusu ya bakuli, ndipo likaanza kupata joto. Mwanangu wa miaka minne aliuliza kwa nini bakuli la vifungo lina uji.

DaktariWaZamu (#36)
Umethibitisha kwamba linachoma mdomo. Nani alibuni chombo cha kunywea kinachochoma mdomo?

Mama Zulekha (#37)
Uji wa mzazi hupoozwa kwanza, daktari! Na kijiko kipo. Nina viwili vya HB, nikija Reading nakuja navyo.

Kijana_Sheffield (#38)
Dada, ukienda Foster Lane waombe wakusomee na ile herufi ya pili baada ya L. Na angalia ndani, katikati ya kitako: pameinuka kidogo kama kichuguu au pako bapa?

BintiWaNgamiani (#39)
Pameinuka. Kwa nini?